Kiti cha Mvua

Taa za Ukumbi wa Halaiki zilipozimwa, Kalunde Msabila alimsikia mgombea wake wa urais akivuta pumzi ghafla, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Hakumshangaa. Yeye alikuwa mpangaji mkuu wa kampeni, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika humo ndani, lakini hakuwahi kuizoea hali ile hata mara moja.

Chini ya daraja la kioo walilosimama juu yake, nchi nzima iliwaka. Haikuwa ramani. Kila mtu mzima wa Shirikisho la Maziwa alikuwa na nuru yake kule chini, ndogo kama punje ya mtama, na punje hizo zilitembea. Zilijazana sokoni Shinyanga, zikapanga foleni kwenye vituo vya maji vya Singida, zikatawanyika mashambani Kahama. Ukiinama ukaikazia macho moja, ilikua mpaka ikawa uso. Ukiendelea kuutazama uso huo, uliisikia sauti yake ikimlalamikia jirani kuhusu mbuzi aliyevunja ua.

"Wanajua kuwa tunawaona?" aliuliza mgombea huyo, Dakta Zebedayo Ruhomvya. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta watu wamepiga magoti.

"Hawa ni mapacha, Mheshimiwa," alijibu Bwire, fundi mkuu wa ukumbi. "Wenyewe wako makwao wanakunywa chai. Kile kidude cha afya tulicho nacho chini ya ngozi ya kiganja kinasikia mapigo ya moyo, kinajua umelala wapi, umenunua nini, umesema nini hadharani. Kwa hayo tunamjenga mtu wa pili. Ukimuuliza pacha jambo, anajibu kama mwenyewe angejibu."

"Kila mara?"

"Mpaka leo hajatokea aliyetuangusha."

Katibu Mkuu wa chama, Mzee Fumbuka, hakuwa mtu wa kushangaa shangaa. Alipiga fimbo yake kwenye kioo. "Tumekuja kutafuta mgombea mwenza, hatukuja kutazama nyota. Kalunde, tuletee majina yetu."

Jina la kwanza lilikuwa la jenerali mstaafu kutoka ukanda wa kaskazini. Kalunde alitoa amri, na kule chini sura ya jenerali ikasimama kando ya sura ya Ruhomvya katika kila uwanja, kila kijiji, kila redio. Nuru za kaskazini zikageuka rangi ya dhahabu. Za magharibi zikafifia. Za kusini hazikutikisika kabisa.

"Anatuletea kwao na kutupotezea kwetu," alisema Kalunde.

Jina la pili lilikuwa la gavana mwanamke, hodari jukwaani. Nuru zikachangamka kila mahali, lakini Fumbuka akatikisa kichwa kabla hata hesabu haijakamilika. "Huyu wanampenda kuliko wewe, Zebedayo. Baada ya mwaka mmoja watakuwa wanakuuliza utaondoka lini." Jina la tatu lilikuwa la mbunge mpole asiye na adui wala rafiki. Halaiki ilimtazama kama inavyotazama kiti kitupu.

Katika nchi nyingine jambo hilo lisingekuwa na uzito. Makamu wa Rais angekata tepe za madaraja na kuhudhuria mazishi ya wakubwa. Lakini katika Shirikisho, Makamu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Mvua. Minara ile mirefu iliyosimama kutoka Mara mpaka Kyela haikutengeneza mvua. Iliihamisha. Ilivuta mawingu yaliyozaliwa juu ya maziwa ikayaswaga kama ng'ombe mpaka pale Baraza lilipoamua yanyeshe. Na wingu likinyesha hapa, halinyeshi kule. Ruhomvya alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu kiti hicho aliwahi kukikalia yeye.

"Kusini," alisema, akiitazama ile sehemu ya nchi isiyotikisika. "Hawa hawatanipa kura hata nikisimama na malaika."

Kalunde aliinama akaikazia macho sehemu hiyo. Kisha akamgeukia Bwire. "Acha nafasi ya mwenza wazi. Usiwape jina. Waache watafute wenyewe wangependa kumwona nani pale."

"Hatujawahi kuuliza hivyo, dada."

"Ndiyo maana tunapata majibu yale yale."

Bwire alifanya alivyoambiwa. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu kule kusini, kwenye uwanda wa juu wa Laela, punje moja ikageuza uso. Ya pili ikageuka. Zikageuka zote za mji ule, kisha za miji ya jirani, na mgeuko huo ukasambaa kuelekea kaskazini kama upepo unavyopita kwenye shamba la ngano, ukavuka Katavi, ukaingia Tabora, ukafika maziwani. Mamilioni ya nyuso zilitazama mahali pamoja. Kalunde alishika ukingo wa daraja. Hata Mzee Fumbuka alivua kofia yake bila kujua kuwa ameivua.

Waliyekuwa wakimtazama alikuwa mwanamke wa makamo aliyeketi kwenye kigoda, akichambua maharage.

"Ni nani yule?" aliuliza Fumbuka.

Ruhomvya alijibu kabla ya Kalunde. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Desderia Nakazwe. Meya wa Laela. Ndiye aliyewatoa watu bondeni."

*

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni bonde gani. Katika ule ukame mkubwa, Baraza la Mvua lilikuwa limeliacha Bonde la Rukwa likauke. Mawingu yake yalipelekwa kwenye mashamba ya kati, nchi ikala. Watu wa bondeni walipanda mlima kwa miguu wakiwa na watoto migongoni, na wengi hawakufika juu. Desderia alitembea mbele yao. Wimbo aliowaanzishia njiani sasa uliimbwa mpaka kwenye harusi za Bukoba, na wengi walioucheza hawakujua ulitoka wapi.

Sheria iliruhusu pacha wa kiongozi wa umma aulizwe kwa jina lake. Basi Kalunde aliteremka ngazi mpaka sakafuni, akaketi mbele ya pacha wa Desderia, akamwomba awe mgombea mwenza.

"Hapana, mwanangu," alisema pacha, mikono ikiendelea na maharage.

Wakajaribu tena. Kila walipoanza upya, pacha hakukumbuka kilichotangulia. Kalunde alimwahidi mvua ya bondeni, akakataa. Alimweleza kuwa mpinzani wao angempa kiti cha Baraza la Mvua mtu asiyejua hata Rukwa iko wapi. Pacha akahuzunika, akakataa. Alimletea mapacha wa watu wake wakimsihi. Akawakumbatia mmoja mmoja, akakataa.

Siku ya tatu, Ruhomvya alimwita Kalunde pembeni. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Kuna jambo Desderia hajui," alisema. "Siku tuliyoamua kuhusu bonde, tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa mtaalamu wetu wa mawingu, mwenyeji wa huko huko. Tadei Simbeye."

Kalunde alimgeukia. "Mume wake?"

"Alizipiga hesabu mwenyewe. Tungegawana mvua ile kidogo kidogo, nchi nzima ingekufa njaa. Alinyoosha mkono, akaondoka, akarudi kwao kukaa na watu wake. Alifia njiani wakipanda mlima. Nadhani hakumwambia mtu."

"Mheshimiwa unataka nimweleze pacha?"

"Nataka kujua."

Kalunde alimweleza. Mikono ya pacha ilisimama. Maharage yakamwagika magotini. Alilia kwanza bila sauti, kisha kwa sauti ambayo Kalunde aliisikia mpaka mifupani, na alipomaliza kulia akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Basi nitakuja," alisema. "Alichokianza mume wangu ni lazima mtu wa nyumba yake akibebe."

Walianza upya. Akalia, akakubali. Walibadilisha maneno, wakabadilisha msemaji, wakamweleza asubuhi, wakamweleza jioni. Alilia, akakubali. Bwire aliyekuwa akisimamia mitambo aliacha kutazama.

"Anaumia?" Kalunde alimuuliza.

"Vitabu vinasema hapana." Bwire alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia vioo. "Mimi ningeomba tusimwambie tena."

Mzee Fumbuka alikuwa anachekelea. "Tumepata ufunguo! Na wala si uongo, Kalunde. Hatumdanganyi mtu. Ni haki yake kujua habari za mumewe, sivyo? Nenda Laela, mwambie, rudi naye."

Hapo ndipo Kalunde alipokwama. Angekuwa ametumwa kusema uongo, angekataa akalala usingizi wake. Lakini lilikuwa la kweli. Kumficha mjane jambo la mumewe ilikuwa ni kumdhulumu. Kumwambia, huku ukijua tayari atalia wapi na atasema nini akishalia, hilo nalo lilikuwa nini? Hakulijua jina lake. Aliona tu kwamba akienda Laela na neno lile mdomoni, atakuwa anazungumza na mtu ambaye majibu yake yamekwisha kuchukuliwa.

*

Treni ya sumaku ilimshusha Sumbawanga, na gari la halmashauri likampeleka Laela. Kulikuwa kumepambazuka vizuri, baridi ya uwanda wa juu ikichoma masikio. Alimkuta Meya nyuma ya ofisi yake, akibishana na fundi bomba. Alikuwa mrefu kuliko pacha wake alivyoonekana akiwa ameketi, na alikuwa na kicheko ambacho ukumbini hawakuwahi kupata sababu ya kukisikia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Ruhomvya. Nimeambiwa unakuja. Umekunywa chai?"

Waliketi jikoni kwake. Kalunde alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini maneno aliyoyaandaa yalimtoroka yote alipowekewa kikombe mbele yake.

"Mama, nimekuja kukuomba uwe mgombea mwenza. Lakini kabla hujanijibu kuna jambo nikueleze, na ukitaka kunifukuza unifukuze." Akasogeza kikombe pembeni. "Tuna pacha wako kule Tabora, kwenye Ukumbi wa Halaiki. Tumemuuliza. Anakataa kila mara. Isipokuwa tunapomweleza jambo moja. Tukimweleza hilo, anakubali kila mara, na kabla ya kukubali analia sana. Ni jambo la kweli, na ni lako. Unastahili kulijua. Lakini sitaki kukufungua nalo kama kufuli. Nijibu kwanza. Jibu lako nitalipeleka kwa Dakta papa hapa mbele yako, na halitabadilika. Halafu nitakwambia, niende zangu."

Desderia aliweka birika chini. Nje fundi bomba alikuwa akigonga chuma.

"Jibu langu ni hapana," alisema.

Kalunde aligusa kiganja chake, akamwita Ruhomvya, akasema mbele yake: "Mheshimiwa, amekataa. Nimempa neno langu kwamba jibu hili ni la mwisho kwa upande wetu." Akakata kabla hajasikia lolote. Alijua kazi yake ilikuwa imekwisha, na pengine uchaguzi pia.

"Sasa niambie."

"Ni kuhusu marehemu mumeo, Mama. Siku Baraza lilipo—"

"Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono," alisema Desderia.

Kalunde aliweka kikombe chini.

"Alinieleza mlimani," mama yule aliendelea. "Tulikuwa katikati ya kupanda, jua kali, kila mtu moyo unamdunda kama ngoma. Nadhani ndiyo maana hicho kidude chenu hakikutofautisha uchungu na uchovu. Aliketi juu ya jiwe akaniambia yote. Akasema, 'Desderia, hesabu zangu zilikuwa sawa, na hilo ndilo linaloniua.' Nilimwacha pale pale. Nikashika mkono wa mtoto wa watu nikaendelea kupanda. Nilitembea mpaka sikumwona tena."

"Kisha?"

"Kisha nikarudi. Usiniulize kwa nini. Sijui mpaka leo. Sikuwa nimemsamehe. Nilirudi tu. Nikampa maji yangu, akakataa kunywa, akasema wapewe watoto. Nikakaa naye mpaka mwisho. Akaniambia nisimruhusu mtu yeyote wa nyumba yetu akikalie kiti kile kwa ajili ya jina lake." Akanyanyua birika, akamwongezea mgeni chai bila kumwaga hata tone. "Hayo sijamwambia mtu. Hata padri."

Kalunde alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaitazama nchi nzima ikigeuza uso kwa pamoja, akadhani hakuna kikubwa zaidi ya kile. Sasa mbele yake alikuwa ameketi mtu mmoja jikoni, na ndani ya mtu huyo kulikuwa na mlima mzima ambao Halaiki haikuwahi kuuona. Akawaza zile punje zote za nuru. Kila moja ilikuwa na mwenyewe mahali fulani, na kila mwenyewe ana jiwe lake aliloketi juu yake.

"Huyo pacha," Desderia alisema taratibu. "Mmemwambia mara ngapi?"

"Nyingi, Mama."

"Na kila mara mmemwambia nusu. Mkamwacha na nusu hiyo peke yake." Alisimama, akavuta kanga yake begani. "Nipeleke kwake."

*

Bwire alisema haijawahi kutokea mtu kuketi na pacha wake, na hakujua kama mitambo ingestahimili. Lakini alizima taa kwa mkono wake mwenyewe. Ruhomvya na Fumbuka walisimama juu ya daraja. Kalunde alimshika Desderia mkono wakateremka ngazi pamoja, kati ya mamilioni ya nuru, na mama yule akatembea polepole kwa uangalifu, kama anayepita kati ya vitanda vya watoto waliolala.

"Bwana wangu," alinong'ona. "Wote hawa."

Pacha alikuwa kwenye kigoda chake, amekwisha kuelezwa, analia. Desderia aliketi chini mbele yake, magoti kwa magoti.

"Nyamaza nikueleze iliyobaki," alisema.

Alimweleza yote: jua, jiwe, mkono wa yule mtoto, jinsi alivyogeuka asijue kwa nini, na neno la mwisho la Tadei. Pacha alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ukumbini hakukusikika kitu.

"Kwa hiyo nilirudi," alisema pacha mwishoni.

"Ulirudi."

"Sikumwacha peke yake."

"Hapana. Ulikuwepo."

Pacha alijifuta uso. Kisha akainua macho mpaka darajani, kwa Ruhomvya, mtu ambaye alikuwa amemkubalia kila mara. "Basi hapana, Mheshimiwa," alisema. "Kwa ajili ya Tadei sitakuja."

Na kule Laela, punje zilizokuwa karibu yake zikang'aa. Bwire hakuwa amegusa kitu. Mwanga ulienda kwa mtu aliyemjua Desderia, ukaenda kwa aliyemjua yule, ukapanuka bila haraka, mpaka kusini yote iliyokuwa haitikisiki ikawa inatetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka. "Wanajipanga upya," Bwire alisema. "Mtu mmoja amejua jambo lake, wote wanahesabiwa upya. Sijui watatulia wapi. Sijui kabisa."

Desderia alisimama. "Zima," alisema. "Haya, Dakta. Teremka. Niulize wewe mwenyewe, na mashine ikiwa imelala."

Ruhomvya aliteremka. Chini ya taa za kawaida ukumbi ule ulikuwa chumba kikubwa tu chenye sakafu ya saruji, na yeye alikuwa mzee mwenye ndevu zisizonyolewa. Alianza kusema akakwama. Kwa miaka mingi hakuwa amezungumza jambo la maana bila kulipima kwanza kwa mapacha.

"Mimi pia nilinyoosha mkono," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti. Ilibidi niwe wa kwanza. Nilisubiri nione mwingine atanyoosha kabla yangu, na mumeo akaniokoa. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Ukame mwingine unakuja, Mama. Kiti kile mtu atakikalia. Namtaka mtu anayejua uzito wake. Nakuomba."

Desderia alimtazama usoni. Kalunde, aliyezoea kujua jibu kabla ya swali, aligundua kuwa safari hii hakuwa nalo.

"Nenda bondeni," mama alisema. "Waite watu. Waambie ulivyoniambia mimi, na jina la Tadei ulitaje. Ukishasema, nitakujibu pale pale mbele yao. Na siku nitakayokikalia kiti hicho, kama nitakikalia, Baraza litaketi nje, watu wakiiona mikono yetu."

"Tuipime hotuba hiyo kwanza kwa mapacha," Fumbuka alidakia kutoka darajani. "Mara moja tu! Tuone watafanya nini. Wanaweza kumpiga mawe, Mama yangu!"

"Wanaweza," alisema Desderia. "Mkiipima, msinihesabu."

Ruhomvya alimtazama Kalunde, kama alivyofanya kila alipohitaji kuambiwa mambo yatakwendaje.

"Sijui, Mheshimiwa," alisema Kalunde. Alishangaa jinsi neno hilo lilivyokuwa jepesi.

*

Walikuja kutoka kila upande. Waliteremka ule mlima waliowahi kuupanda, wazee wakishikwa mikono, mpaka sakafu ya bonde ikawa nyeusi kwa watu. Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vikubwa, chumvi ikimeremeta kwenye nyufa. Mbali kabisa, ukingoni mwa upeo, mnara wa mvua ulisimama kama sindano, na juu yake mawingu yalipita kuelekea kwingine.

Ruhomvya alikataa jukwaa. Alisimama juu ya udongo, akasema. Hakuwa na karatasi. Alisimulia siku ile tangu mwanzo, hesabu zilivyokuwa, mikono ilivyokwenda juu, nani wa kwanza. Alipolitaja jina la Tadei Simbeye, sauti kama ya kuguna ilipita katikati ya umati, ikakatika. Akasema kuwa yeye aliyepaswa kuanza alisubiri. Akamaliza. Akabaki amesimama mikono imening'inia.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea. Upepo ulipeperusha vumbi la chumvi. Kalunde aliutazama umati ule akiwa hajui kabisa, na hofu aliyokuwa nayo ilikuwa imechanganyika na kitu kingine kilichomfanya atake kulia. Mamilioni ya nuru alikuwa ameyaona. Watu walikuwa hawa.

Mbele kabisa, bibi mmoja alitandika kanga yake juu ya ule udongo, akaketi, akanyoosha miguu. Jirani yake akamtazama, naye akaketi. Wakaketi waliokuwa nyuma yao. Waliketi taratibu, safu kwa safu, wanawake upande huu na wanaume upande ule, kama watu wanavyoketi msibani wanapokuja kukaa na wafiwa, wakiwa na nia ya kukaa. Ilichukua muda mrefu kufika nyuma. Bonde zima likawa limeketi, na katika ukimya ule mtu mmoja mahali fulani akaanza ule wimbo wa njiani, si kwa kucheza kama unavyochezwa harusini, bali kwa mwendo wa miguu iliyochoka, kama ulivyokuwa.

Desderia alipita katikati yao mpaka akafika alipokuwa Ruhomvya. Hakumshika mkono. Alisimama kando yake akawageukia watu wake, akangoja wimbo uishe.

"Nyie kaeni," aliwaambia. "Mimi nasimama. Nasimama na mtu huyu."

Mzee Fumbuka alimshika Kalunde kiwiko. Macho yalikuwa yamemtoka. "Hii maana yake nini? Tumeshinda? Kalunde, tumeshinda au tumeshindwa?"

"Sijui, Mzee," alisema Kalunde, akainama kuvua viatu.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu alimwona, akasogea, akampisha upande wa kanga yake.